Kumnyoa Mtoto Bila Kumshika Kichwa

Vijana mlioachiwa viti vyangu pale Waithaka, mliniuliza swali siku ile nilipopita kuwasalimia, nami nikacheka tu nikaenda zangu. Mlikuwa mmemzunguka mtoto. Mmoja amemshika kichwa, mwingine mabega, mama mtu amekamata miguu, na mtoto analia hadi wateja wa duka la pili wanachungulia. Kevo, ukaniuliza, "Mzee, kwani wewe ulikuwa unawanyoa aje hawa bila vita?"

Sikujibu kwa sababu jibu ni refu, na mimi kuongea nikiwa nimesimama mbele ya watu sijawahi kuweza. Kuandika naandika polepole, lakini karatasi hainikazii macho. Basi hili ndilo jibu.

Kwanza mjue kwamba sikuchagua watoto, nilipewa. Mzee Asava, aliyenifunza kazi pale Dagoretti Corner, aliona kwamba mteja akiniuliza habari za mpira ninanyamaza, akiniuliza siasa ninanyamaza zaidi, na mteja anashuka kitini akidhani amenikosea. Nilikuwa nimetoka magharibi na cheti changu cha shule ya msingi na aibu nyingi. Siku moja akachukua ule ubao unaolazwa juu ya mikono ya kiti ili mtoto akae juu, akaniwekea kifuani.

"Kuanzia leo huu ni wako," akasema. "Watoto hawatakuuliza nani atashinda uchaguzi."

Mtoto wangu wa kwanza nilimwambia, "Usiogope, haitauma." Alikuwa ametulia kabisa, anachezea vidole. Kusikia hivyo akaangua kilio. Mzee Asava alimaliza mteja wake taratibu, akapangusa wembe, halafu akaniuliza, "Nani alikuwa amesema itauma?"

"Hakuna."

"Sasa umemletea neno ambalo hakuja nalo. Mtoto hasikii ile 'ha' yako. Anasikia 'uma'."

Tangu siku hiyo nikaacha kumwambia mtoto lisilokuwepo. Nilimwambia lililopo. Sasa utasikia mlio kama wa nyuki. Sasa utasikia baridi nyuma ya sikio. Nilizima mashine nikampa aishike, aizungushe, ainuse akitaka. Kisha nikaiwasha ikiwa mkononi mwake. Mashine ambayo mtoto ameishika si mnyama tena.

Nikanyoa watoto kwa miaka mingi kabla sijatambua kwamba wale wadogo hawaogopi kama wale wakubwa, kwa sababu hawafikiri kama wao. Wa miaka miwili akitaka kunikimbia alijifunika uso kwa shuka ya kunyolea, akakaa palepale kwenye ubao, mbele ya pua yangu, akaamini ameondoka. Kwake, nisiyemwona hanioni. Mwanzoni nilikuwa namfunua, naye anapiga mayowe kana kwamba nimevunja mlango wake. Baadaye nikajifunza kumtafuta. Naangalia chini ya kiti, naangalia kwenye droo ya poda, namuuliza Mzee Asava kama amemwona. Muda si muda shuka inafunguka yenyewe na mtoto anacheka. Aliyejitokeza mwenyewe hunyoleka. Aliyefichuliwa hanyoleki.

Wa miaka mitatu mtamjua kwenye simu. Baba yake anampigia, anamuuliza kama amekula, naye anatikisa kichwa. Baba anauliza tena, anatikisa tena, kwa bidii zaidi. Hajui kwamba kichwa anachokitikisa yeye, mwenzake wa upande wa pili hakioni.

Nilikuwa na kopo la biskuti, lile la bati lenye picha za biskuti pande zote, nilimokuwa naweka vitana. Nilimwonyesha mtoto likiwa limefungwa. "Kuna nini humu?" Atasema biskuti, macho yanang'aa. Nafungua, vitana. Nafunga tena. "Sasa dada yako akiingia, nikimwonyesha kopo hivi lilivyofungwa, atasema kuna nini?" Yule mdogo atajibu bila kusita, "Vitana." Ukimuuliza, "Na wewe ulisema nini mwanzoni?" atakuambia vilevile, "Nilisema vitana." Wala msimwite mwongo. Amesahau kabisa kwamba dakika moja iliyopita hakuwa anajua. Kwake, akishajua jambo, dunia yote imelijua.

Lakini kuna siku mtoto huyohuyo anarudi, amekua kidogo, unamuuliza, naye anaziba mdomo kwa kicheko. "Atasema biskuti! Anko, usimwambie!" Nilipolisikia hilo "usimwambie" nilijua nimepata mtu wa kupatana naye. Huyu naweza kumnong'oneza, "Mama anadhani utalia. Tumshangaze?" Na atakaa kimya kama mbao, kwa sababu sasa anaona ndani ya kichwa cha mama kuna kitu, na anaweza kukibadilisha. Yule wa vitana ukimwambia hivyo atakushangaa tu.

Jambo la pili ni kutulia. Neno "tulia" ni kubwa kuliko mtoto. Linamwambia asifanye, na kutofanya hakuna mahali pa kukushika. Mpe kazi. Mimi niliwafanya maaskari wa benki. "Wewe ni askari, umesimama getini, askari hatikisiki, anazungusha macho tu." Mtoto ambaye hawezi kukaa kimya akiwa yeye mwenyewe, akiwa askari anakaa. Kulikuwa na mmoja, mama yake alitoka kununua mboga, kurudi mlangoni mtoto akamwambia bila kugeuza shingo, "Mama, hapa haupiti bila kitambulisho." Mama akapekua mkoba akakitoa. Mtoto akakitazama, akakigeuza juu chini, akasema, "Sawa, pita."

Tena msinyoe mtoto Jumapili mchana. Najua ndiyo siku wazazi wana nafasi. Lakini mtoto huyo amejizuia kanisani asubuhi nzima, asikimbie, asiongee, asichafue soksi. Kujizuia kwake ni kama mafuta ya taa ndani ya stovu ndogo. Akifika kwenu yamekwisha, mnawasha utambi mtupu halafu mnasema mtoto mkorofi. Mwambieni mama ampeleke kwanza akale, alale, arudi.

Siku hizi mnawapa simu yenye katuni. Siwalaumu. Hata mimi mwishoni niliwapa. Ila mmeona wenyewe shingo inavyoinama, na kisogo hakinyoleki vizuri. Na chaji ya simu ikiisha katikati ya kichwa, mnarudi palepale kwenye mabega na miguu.

Sasa niwaambie siku mbinu zangu zote ziliponiishia. Si zamani, nilikuwa nimebakiza muda mfupi kuacha kazi.

Mnamjua Hitesh, yule wa duka la rangi na misumari karibu na Dagoretti Corner. Nilimnyoa tangu akiwa kijana asiyekuwa na ndevu. Akaja akaketi, lakini hakutaka kunyolewa.

"Fundi, mtoto yangu Rohan amefika miaka tatu. Mama yangu anataka wewe ndio utoe nywele yake."

Akanieleza. Katika familia yao mtoto hukaa na nywele alizozaliwa nazo hadi siku yake ifike. Siku hiyo yanasomwa maombi, kichwa kinanyolewa chote kwa wembe, na shangazi anakinga nywele kwa kitambaa zisiguse ardhi. Yule mzee wao wa dini alikuwa amewapa asubuhi ya siku fulani, na kazi ilitakiwa iishe kabla ya saa sita mchana.

"Na Ba anasafiri wiki ijayo," akasema. Ba ndivyo walivyomwita mama yake, nyanya wa watoto. Macho yake yalikuwa yameshazimika. Alikuwa anakwenda kwa binti yake ng'ambo kutibiwa, na kwa umri wake hakuna aliyeweza kusema atarudi lini, au kama atarudi. Alitaka jambo moja tu kabla ya kuondoka, aweke mkono wake juu ya kichwa cha mjukuu siku ile ya baraka.

"Lakini amesema hivi," Hitesh akaongeza. "Mtoto asishikwe kwa nguvu. Anasema baraka ya kulazimishwa hataki. Kama mtoto atakataa, basi, ataenda hivyo hivyo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa na uhakika mwingi, hata wa kuuzia wengine.

Nyumba yao iko Westlands, moja ya zile za zamani zenye veranda, zilizobaki katikati ya maghorofa ya ofisi. Nilifika maombi yakiisha. Ba alikuwa verandani kwenye kiti chake cha mbao, mdogo kama ndege, amevaa nyeupe. Alizaliwa Nairobi hii na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mwanawe. Rohan alikuwa na nywele za mawimbi hadi mabegani. Dada yake Diya, wa kama miaka sita, alikuwa ameshika bakuli la peremende, akila kila alipodhani haonekani.

Nikampa Rohan mashine ikiwa imezimwa. Akanirudishia. Nikamwambia juu ya askari wa benki.

"Mimi si askari," akasema. "Mimi ni Rohan."

Nikajificha nyuma ya shuka. Hakunitafuta. Akashika nywele zake kwa mikono miwili, huku na huku, kama mtu aliyeshika kofia kwenye upepo. Watu wa nyumbani wakaanza kutazama saa ya ukutani.

Basi nikafanya nilichofanya Waithaka mara zisizohesabika, na kila mara kilifanya kazi. Nikamwita baba.

"Hitesh bhai, ndugu yangu, hebu keti wewe kwanza. Nikupitishie wembe kichwa chote, mtoto aone kwamba baba amenyolewa na hakuna kitu."

Shangazi akakunja kitambaa kifuani. Hitesh akarudi nyuma hatua moja, akamtazama mama yake.

Hakuna aliyenieleza, wala sikuhitaji. Kwetu magharibi pia tulinyoa vichwa tukitoka makaburini. Marehemu baba yangu alipozikwa, mimi mwenyewe niliinamisha kichwa shangazi yangu akaninyoa uani. Nilikuwa nimeishi Nairobi muda mrefu hadi nikasahau kwamba upara una habari zake. Katika nyumba hii pia mwanamume hunyoa kichwa kizima mzazi wake anapofariki. Na mimi nilikuwa nimemwambia Hitesh anyoe, mama yake ameketi pale, anasafiri wiki ijayo, anasikia kila kitu.

Nikaweka wembe chini. "Mama, nisamehe. Hata kwetu tunanyoa baada ya matanga. Ulimi wangu umenitangulia."

Ba akageuza uso upande wa sauti yangu. Kisha akacheka, kicheko chembamba cha koo.

"Fundi, ngoja basi nife kwanza, halafu utamnyoa huyo mkubwa. Leo ni zamu ya mdogo."

Watu wakacheka, pumzi zikarudi. Lakini Rohan alikuwa ameziona nyuso kabla ya kicheko. Mtoto hasomi maneno yenu, vijana, anasoma nyuso, na nyuso zilikuwa zimemwambia kwamba wembe huu una jambo baya. Tulipogeuka hakuwepo. Alikuwa ndani, nyuma ya pazia la sebule, miguu yake midogo inaonekana chini.

"Tumshike tu, fundi," Hitesh akaninong'oneza. "Kidogo tu. Saa inaenda."

"Nimesikia," Ba akasema kutoka kitini pake. "Macho ndiyo yamekufa, masikio bado. Nimesema hapana. Kama hataki, nitaenda hivyo." Alisema kwa upole, lakini mkono wake ulikuwa unapapasa mkono wa kiti, mbele nyuma, mbele nyuma.

Ndipo Diya alipokuja kusimama karibu yangu, shavu limejaa peremende.

"Anko, haogopi wembe."

"Anaogopa nini?"

"Ameniambia jana. Anasema nywele ikitoka, Ba hatamjua."

Akanieleza kama mtu anayemweleza mjinga. Tangu macho ya Ba yazimike, kila asubuhi huwaita wajukuu mmoja mmoja na kuwawekea mkono kichwani. Mkono ukikuta msuko anasema, "Huyu ni Diya wangu." Ukikuta mawimbi anasema, "Huyu ni Rohan wangu." Kila siku hivyo.

Nikakaa chini sakafuni. Nilikuwa nimemweka mtoto huyu katika kundi la vitana. Angeulizwa habari ya kopo angejibu vibaya, nina hakika. Na bado, nyuma ya pazia lile, alikuwa anafikiria kichwa cha mtu mwingine. Alikuwa amejiuliza Ba anajua nini, na anakijuaje. Alikosea mahali pamoja tu, alidhani Ba ana njia moja ya kumjua. Kumbe yale tunayosema kwamba mtoto hajafikia, huyafikia mapema kwa mtu anayempenda, kabla hajayafikia kwa dada wa kwenye kopo.

Nikalisogelea pazia nikiwa nimekaa vilevile.

"Rohan, Ba anakujua kwa nywele peke yake?"

"Ndio."

"Tumuulize?"

"Usimuulize!"

Diya hakungoja. Alichukua kitambaa cha mezani, akajifunga kichwa chote hadi msuko ukapotea, akatembea kwa ncha za vidole hadi mbele ya Ba, akachukua mkono wake akauweka usoni pake. Hakusema neno. Ba akapapasa kitambaa, akashuka hadi kwenye pua, shavu, akasimama kwenye shavu.

"Huyu amekula peremende zote," akasema. "Huyu ni Diya."

Pazia likasogea. Jicho moja likatokea.

"Na mimi?" Rohan akauliza.

"Wewe una nywele," Diya akasema, akijifungua kitambaa bila haraka. "Wewe ni rahisi. Hapo hakuna mchezo."

Ningekuwa na miaka mingine hamsini ya kazi nisingefikiria maneno hayo. Rohan akafikiri. Akamtazama Ba, akanitazama mimi. Akatoka nyuma ya pazia, akatembea hadi kwenye kiti cha kunyolea, akapanda mwenyewe.

"Toa," akaniambia.

Nikalowesha kwa maji ya vuguvugu, nikaanza na mkasi, kisha mashine, wembe mwisho. Nilimwambia kila kinachokuja. Na nilimpa neno moja, "ngoja". Akisema ngoja, ninasimama. Hili mliweke akilini kuliko mengine yote niliyoandika hapa. Mtoto mwenye "ngoja" yake hahitaji kuitumia sana, lakini mara ya kwanza atakapoitumia lazima usimame hapohapo, hata kama umebakiza unywele mmoja. Alisema ngoja mashine ilipogusa sikio. Nikasimama. Akavuta pumzi, akasema endelea. Alisema tena wembe ulipofika kisogoni. Nikasimama, Hitesh akatazama saa, mimi sikuitazama. Mikono yake ilikuwa imeshika kiti hadi vidole vikawa vyeupe, na mdomo ameuma, lakini kichwa hakikutikisika. Hakuna aliyemshika. Shangazi alikinga nywele, wimbi baada ya wimbi.

Akashuka, kichwa kinang'aa. Akajigusa mara moja, akashtuka, akataka kucheka.

"Shh," Diya akamwambia. "Usiongee. Ukiongea Ba atajua sauti yako."

Rohan akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akatembea hadi mbele ya kiti cha Ba, akasimama. Ba akasubiri, uso ameuinua. Mtoto akatetemeka mabega, akajikaza, akajikaza tena, kisha mikono ikaanguka.

"Ba, ni mimi! Lakini usijue bado!"

"Rohan!" Diya akajipiga paji la uso.

"Nani anaongea huko?" Ba akauliza. "Hitesh, kuna mtu ameingia?"

"Hakuna mtu, Ba," Hitesh akasema.

Rohan akatuangalia mmoja mmoja kwa furaha. Hajajua! Akarudisha mikono mdomoni, akainamisha kichwa. Ba akanyoosha mkono, ukatua juu ya ule upara uliolowa. Haukuwa na haraka. Ulizunguka kichwa chote, ukapita nyuma ya masikio, ukashuka kisogoni mahali nilipoambiwa ngoja, ukapanda tena utosini ukakaa. Mtoto alikuwa anatetemeka kwa kujizuia, na safari hii hakutoa sauti.

"Huyu," Ba akasema, "ni Rohan wangu."

"Amenijua!" akatupigia kelele. Halafu akamgeukia, na alikuwa anataka kujua kweli. "Ba, umejuaje?"

Ba akamvuta karibu, akamwinamia sikioni, akamwambia maneno machache kwa lugha yao.

Diya akaja mbio. "Amesema nini? Rohan, amekuambia nini?"

Rohan akafungua mdomo. Akamtazama dada yake, ambaye alikuwa hajui, na akaona kwamba hajui. Akaufunga. Akauziba kwa mikono miwili, akatikisa kile kichwa chake kipya.

Nilipokunja shuka yangu na kuaga, Diya alikuwa bado anambembeleza kwa bakuli zima, naye mikono bado iko mdomoni.